Dhima ya Vijidudu vya Ngozini katika Maradhi ya Ukurutu Sugu

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya aliletewa karatasi ya mafunzo ya afya ili aisahihishe lugha kabla haijapigwa chapa. Karatasi hiyo ilikuwa imefasiriwa kutoka Kiingereza, nayo ilihusu maradhi ya ukurutu kwa watoto wadogo. Sentensi yake ya kwanza ilisema: "Ukurutu huletwa na wadudu wakaao ngozini." Yaliyofuata yalitoka katika sentensi hiyo kama maji yatokavyo chemchemini: mtoto aogeshwe kwa sabuni kali ya kuua wadudu, asuguliwe barabara, na nguo zake zitengwe na za wenzake. Kwa upande wa sarufi hapakuwa na la kusahihisha. Hata hivyo, mama ambaye angeyafuata maagizo hayo angemzidishia mwanawe maumivu, na majirani ambao wangeyasoma wangemtenga mtoto asiyeweza kumwambukiza mtu ukurutu.

Kosa la karatasi ile halikuwa uongo mtupu. Ni kweli kwamba katika ukurutu sugu mna vijidudu vinavyohusika, na kwamba uchunguzi wa miaka hamsini iliyopita umezidi kuonyesha uzito wa dhima yao. Kosa lilikuwa katika kitenzi "huletwa" na katika nomino "wadudu". Makala haya basi yana shabaha mbili. Kwanza, yanakusudia kueleza, kwa kadiri ya uwezo wa asiyekuwa tabibu, vijidudu hivyo ni vipi na vinafanya nini. Pili, yanakusudia kuonyesha kuwa uteuzi wa maneno katika jambo hili si pambo la fasihi, bali ni sehemu ya tiba yenyewe.

2. Majina ya maradhi

Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya maradhi ya ngozi, na kila jina lina mipaka yake. Upele, kwa maana yake mahususi, huletwa na mdudu halisi: mwenye miguu minane, mdogo asiyeonekana vizuri kwa macho, achimbaye vijia ndani ya ngozi na kuhama kutoka mtu mmoja hadi mwingine, hasa kwa wale walalao pamoja. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa mwaka 2017. Choa nacho huletwa na kuvu, na huambukiza. Ukurutu haumo katika jamaa hiyo. Neno hili hutumiwa kwa ukavu wa ngozi wenye vipele na mwasho, na leo matabibu wengi hulitumia kwa maradhi ambayo kitaalamu huitwa eksima.

Lakini watu wa kawaida, hasa Tanzania, wana jina jingine ambalo wanazuoni hawajalipa heshima inayolistahili, nalo ni "pumu ya ngozi". Msomaji aweza kulidhania kuwa tashbihi tu ya mitaani. La hasha! Ukurutu, pumu, na mafua yatokanayo na mzio aghalabu hufuatana katika ukoo mmoja, na mara nyingi humfuata mtoto yule yule, ukurutu ukitangulia utotoni na pumu ikifuata baadaye. Jina hili limeuweka ugonjwa mahali pake panapostahili: pamoja na maradhi ya kinga iliyokosa kiasi, mbali na yale ya kuambukiza.

Lugha za kigeni nazo zilihangaika kabla ya kupata neno. Eksima ni neno la Kiyunani litokanalo na kitenzi chenye maana ya kuchemka hadi kufurika, nalo lilitumiwa na tabibu Aetius wa Amida katika karne ya 6. Mwaka 1923 Arthur Coca na Robert Cooke, huko Marekani, walitafuta jina la hali hii ya kurithi inayojumuisha pumu na mafua ya mzio. Walimwendea Edward Perry, mwalimu wa Kiyunani, naye akawapa neno "atopia", yaani hali ya kutokuwa na mahali pake, ugeni, ajabu. Mwaka 1933 Fred Wise na Marion Sulzberger wakaliambatisha neno hilo na maradhi ya ngozi. Kwa hiyo istilahi ambayo madaktari wote wa ulimwengu huitumia ilitoka katika meza ya mtaalamu wa lugha. Na hilo halipaswi kutupita hivi hivi.

3. Ukuta na ufa wake

Ili tuifahamu kazi ya vijidudu, hapana budi tuanze na mahali viishipo. Tabaka la juu kabisa la ngozi limefanywa kwa seli bapa zilizokwisha kufa, zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati yake mna mafuta yanayozishikamanisha. Wataalamu hupenda kulifananisha na ukuta wa matofali na saruji. Kwa wasomaji wa pwani mfano ulio karibu zaidi ni ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa: mawe peke yake hayazuii mvua, na chokaa ikipukutika nyumba huanza kuvuja hata kama mawe yote yangalipo.

Katika ngozi yenye ukurutu, chokaa hiyo imepungua. Unyevu wa ndani hutoka kwa wepesi, na vitu vya nje kama vumbi, sabuni na chembe za vyakula hupenya ndani. Mwaka 2006 watafiti walioongozwa kutoka Dundee na Dublin walionyesha sababu mojawapo kubwa. Walikuta kwamba watu wengi wenye ukurutu katika nchi zile wana kasoro katika jeni ya protini iitwayo filagrini. Jina lenyewe limeundwa kwa kueleza kazi yake, yaani kukusanya nyuzi. Protini hii huzikaza nyuzi za ndani ya seli, kisha huvunjika na kuacha vitu viwili vya thamani: uwezo wa kushika maji, na uasidi mwepesi ambao ni sehemu ya ulinzi wa ngozi.

Hapa msomaji wa Afrika anapaswa kuwa mwangalifu. Kasoro za jeni zilizogunduliwa Ulaya hazikuonekana kuwa na uzito huo huo katika bara letu. Uchunguzi wa wagonjwa wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 2011 haukukuta karibu yoyote ya kasoro hizo. Uchunguzi wa Waxhosa wa Afrika ya Kusini, wa mwaka 2014, haukukuta kasoro hizo kabisa, ingawa mabaki ya filagrini katika ngozi zao yalikuwa yamepungua. Ufa ni ule ule, ila waliouchimba ni wengine. Tabia ya kuchukua matokeo ya Ulaya na kuyafanya kuwa habari za binadamu wote ina hatari zake katika tiba, kama ilivyo nazo katika isimu.

4. Wenyeji wa ngozini

Ngozi ya mtu mzima mwenye afya haiko tupu hata dakika moja. Katika sehemu zenye unyevu, bakteria waweza kufikia milioni moja katika eneo la sentimita mraba moja. Pamoja nao wamo kuvu wa jamii ya hamira wapendao mafuta ya uso na kichwa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichunguza sehemu 20 za miili ya watu 10 wenye afya, si kwa kuwaotesha bakteria katika vyombo, bali kwa kusoma jeni zao. Walikuta kuwa kila eneo la mwili lina watu wake: kwapa si kama mkono, na kunjo la kiwiko la mtu mmoja hufanana zaidi na kunjo la kiwiko la mtu mwingine kuliko lifananavyo na mgongo wa mtu yule yule.

Wengi wa wenyeji hawa si maadui. Wapo wanaokula mafuta ya ngozi na kuacha asidi, na asidi hiyo huwazuia wageni waharibifu. Wapo wanaotengeneza sumu zao wenyewe dhidi ya bakteria wengine. Wapo pia wanaoufundisha mfumo wa kinga, tangu utotoni, kumtambua mwenyeji na kumwacha akae. Kwa ufupi, ngozi ni mji wenye mtaa, jirani na mlinzi. Yeyote asemaye "tuwaue wadudu wa ngozi" amesema, bila kujua, "tuwaue wakazi wa mji".

5. Stafilokoki wa dhahabu

Miongoni mwa bakteria hao, mmoja ametajwa kuliko wote katika habari za ukurutu. Daktari mpasuaji Alexander Ogston wa Aberdeen aliwaona bakteria wa aina hii ndani ya usaha wa wagonjwa wake katika miaka ya 1880. Kwa kuwa walikaa kwa vichala, aliwaita kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kichala cha zabibu. Mwaka 1884 Friedrich Julius Rosenbach aliwagawa kwa rangi ya makundi yao yakioteshwa: wa dhahabu na weupe. Yule wa dhahabu ndiye Staphylococcus aureus, ambaye hapa tutamwita stafilokoki wa dhahabu.

Mwaka 1974 James Leyden, Richard Marples na Albert Kligman walitoa taarifa iliyobadili mwelekeo wa taaluma: stafilokoki wa dhahabu alipatikana katika takriban asilimia 90 ya madonda ya ukurutu waliyoyachunguza. Mapitio makubwa ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2016 yalishusha kiwango hicho lakini hayakukiondoa: asilimia 70 katika ngozi iliyoathirika, na asilimia 39 katika sehemu za wagonjwa wale wale zilizoonekana nzima. Mwaka 2012 uchunguzi wa watoto 12 wa Marekani uliongeza jambo la muda. Ugonjwa ulipowaka, stafilokoki wa dhahabu aliongezeka na wenyeji wengine wakapungua; ugonjwa ulipotulizwa, mji ulirudi kuwa na watu wa namna nyingi.

Bakteria huyu hufanya nini hasa? Kwanza, hutoa vimeng'enya vinavyokata protini za ukuta, na hivyo huupanua ufa alioukuta. Pili, hutoa sumu zinazoichochea kinga kupita kiasi. Mojawapo, iliyoelezwa mwaka 2013, huzifanya seli fulani za ngozi zimwage vitu vya mzio. Tatu, na hili ndilo jipya kuliko yote, uchunguzi wa maabara uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa kimeng'enya kimoja cha bakteria huyu huweza kuigusa mishipa ya fahamu moja kwa moja na kuleta mwasho, bila kuingoja kinga. Mtu hujikuna, kucha hupasua ngozi, bakteria huingia, mwasho huzidi. Usiku ndipo mzunguko huu uendapo kwa kasi, na ngozi ikunwayo miezi na miaka huwa nene, ngumu na yenye mistari. Huko ndiko kuwa sugu.

6. Kisababishi au tokeo?

Swali ambalo msomaji makini amekwisha kujiuliza ni hili: je, stafilokoki wa dhahabu ndiye aliyeuleta ukurutu, au ukurutu ndio uliomkaribisha? Ushahidi uko pande zote mbili. Uchunguzi wa watoto wachanga wa Uswisi, wa mwaka 2017, ulikuta kuwa bakteria huyu alionekana kwenye ngozi kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Uchunguzi mwingine wa mwaka huo huo, wa watoto wa Ireland, haukumkuta kabla ya ugonjwa. Badala yake ulionyesha kuwa upungufu wa stafilokoki wenyeji, wale wasio na madhara, ndio uliokwenda pamoja na ukurutu.

Upande wa tiba nao una funzo. Tangu mwaka 2017 imetumika Marekani dawa iitwayo dupilumab, ambayo huzuia ujumbe fulani wa kinga ya mwili. Dawa hiyo haiui bakteria hata mmoja. Walakini, kwa wagonjwa walioitumia, stafilokoki wa dhahabu alipungua na wenyeji wengine wakarudi. Ikiwa kuituliza kinga kunatosha kumpunguza bakteria, basi bakteria yule hakuwa chanzo pekee. Na ikiwa sumu zake huiwasha kinga, basi si mtazamaji tu. Jibu lililo karibu na ukweli ni kuwa yeye ni mpita njia aliyekuta mlango wazi, akaingia, kisha akaanza kuvunja madirisha. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakukusudia ngozi, lakini mithali yao yaieleza hali hii sawasawa.

7. Kuua au kutengeneza?

Kama stafilokoki wa dhahabu angekuwa ndiye chanzo chote, antibiotiki zingeuponya ukurutu. Mambo hayakuwa hivyo. Katika jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017, watoto 113 wenye ukurutu uliodhaniwa kuwa umeingiwa na bakteria, usio mkali, walipewa antibiotiki za kumeza au za kupaka, na wengine wakapewa dawa bandia. Antibiotiki hazikuleta nafuu ya maana kuliko dawa bandia. Hatusemi kuwa dawa hizo hazina mahali pake: mtoto mwenye homa, usaha au madonda yanayoenea kwa haraka anazihitaji, tena upesi. Tunasema kuwa kuzitumia kila mwasho uzukapo hulea bakteria sugu bila kuuziba ufa.

Njia nyingine ilikuwa ya kuogesha kwa maji yaliyotiwa dawa ya kung'arishia nguo kwa kiasi kidogo sana. Jaribio la Chicago la mwaka 2009, lenye wagonjwa 31 wa umri wa utoto na ujana, lilionyesha nafuu katika sehemu zilizozamishwa majini, ilhali kichwa na shingo, ambavyo havikuzamishwa, havikubadilika. Lakini mapitio ya mwaka 2017 yaliona kuwa maji matupu yalikuwa na manufaa yayo hayo. Jambo hili lisijaribiwe nyumbani bila tabibu, kwani kipimo kikizidi huunguza.

Sabuni ya kawaida ya mche nayo yastahili kutajwa. Ngozi yenye afya ina uasidi wa kipimo cha 5 hivi. Sabuni hiyo ina kipimo cha 9 au 10, yaani imevuka upande wa pili. Huondoa mafuta ya ukutani pamoja na uchafu, na huifanya ngozi kuwa mahali pampendezapo zaidi stafilokoki wa dhahabu kuliko wapinzani wake. Hivyo sabuni kali ya karatasi ile ingemfukuza mwenyeji na kumpisha mvamizi.

Njia iliyo kinyume ni ya kuwarudisha wenyeji. Mwaka 2017 watafiti wa San Diego walieleza kuwa baadhi ya stafilokoki wapole, akiwemo Staphylococcus hominis, hutengeneza vitu vinavyomuua stafilokoki wa dhahabu, na kwamba ngozi yenye ukurutu ina upungufu wao. Jina hilo la Kilatini lina maana ya "wa binadamu", na kwa kweli aliitika jina lake. Mwaka 2021 walichapisha jaribio la watu 54, ambapo bakteria mpole wa aina moja alipakwa kwa muda wa wiki moja. Stafilokoki wa dhahabu alipungua. Hata hivyo, nafuu ya ugonjwa wenyewe ilionekana kwa wale tu ambao bakteria wao wa dhahabu waliweza kuuawa na mpole huyo. Ni mwanzo mzuri, si dawa ya kununuliwa dukani.

Kwa hiyo msingi wa tiba umebaki kuwa wa kawaida mno: kuoga kwa muda mfupi kwa maji ya vuguvugu, kupaka mafuta mazito yasiyo na marashi kila siku ngozi ingali na unyevu, na kutumia dawa ya kutuliza mwako kwa kipimo cha tabibu. Mambo haya hayaui bakteria moja kwa moja. Huziba ufa, na ufa ukizibwa idadi ya wavamizi hupungua.

8. Suala la lugha

Sasa turudi kwenye karatasi yetu. Neno "mdudu" katika Kiswahili humwita adui mwenye nia. Huingia katika ngeli ya viumbe, hutembea, huuma, huuawa. Lafaa kwa upele. Kwa bakteria wa ngozini lapotosha. "Vimelea" nalo, kwa asili yake, humaanisha viotavyo juu ya kiumbe kingine kwa kukinyonya, na wenyeji wengi wa ngozi hawanyonyi. "Vijidudu" ni afadhali kwa kuwa udogo wake hupunguza ukali, ndiyo maana tumelitumia hapa. Lakini tungependekeza kwamba, palipo na haja ya kutofautisha, tuseme "vijidudu wenyeji" na "vijidudu wavamizi". Kinachotofautisha si umbo wala jamii yao. Ni mahali na wakati. Nasi tumekwisha kuona kuwa "atopia" maana yake ni kutokuwa na mahali.

Kitenzi ni kizito kuliko nomino. "Huletwa na" humpa bakteria utendaji wote. "Huzidishwa na" humpa sehemu yake tu, na humwachia mama swali lenye manufaa: ulianzia wapi?

Tena kuna neno "wekundu". Vitabu vya Ulaya husema kuwa ngozi yenye ukurutu huwa nyekundu, nasi hufasiri hivyo hivyo. Katika ngozi nyeusi mwako huo mara nyingi huonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kijivu, pamoja na vipele vidogo kwenye vinyweleo. Muuguzi aliyefundishwa kutafuta wekundu ataandika kuwa ugonjwa ni mwepesi, ilhali mtoto halali usiku. Hapa tafsiri iliyo sahihi neno kwa neno huwa kosa la tiba.

9. Hitimisho

Tumeona kuwa vijidudu vya ngozini si chanzo pekee cha ukurutu sugu wala si wapita njia tu. Mwenyeji akipungua na ukuta ukipasuka, mvamizi huingia, hupanua ufa na huuwasha mwasho unaoufanya ugonjwa usikome. Tiba huanza ukutani. Kazi yetu sisi watu wa lugha huanza kwenye sentensi ya kwanza ya karatasi ya afya.

Sentensi zile tuliziandika upya hivi: "Ukurutu hauambukizi. Ngozi ya mtoto imepata nyufa, na vijidudu vinavyoingia humo huuzidisha ugonjwa. Usimsugue. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu, kisha umpake mafuta mazito kila siku. Ngozi ikigeuka rangi, ikiwa nyekundu au nyeusi zaidi, ikitoa usaha, au mtoto akipata homa, mpeleke kwa tabibu. Mwache acheze na wenzake."

Sentensi hiyo ya mwisho haikuwamo katika maandishi ya Kiingereza.